MWISHO MWEMA WA MSIMU

Mazungumzo kwa vyama vya michezo vya Likoni, Kisauni na Changamwe



Siku ya mwisho ya msimu wa michezo hutambulikana kwa kelele zake. Kikombe huinuliwa juu, mfungaji hubebwa mabegani, na jioni pilau hupikwa. Washindi wa Likoni huvuka kwa feri wakiimba mpaka gatini. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali wakipiga mbinja. Na wa Changamwe hurudi kwa njia ya Makupa, sauti zao zikitangulia gari. Furaha hiyo ni halali yao, nao hawapaswi kunyimwa.

Lakini usiku hupita na asubuhi hufika, na hapo ndipo huzuka swali lenye uzito kuliko kikombe: Je, chama kimemaliza msimu vyema, au kimeshinda tu? Mambo hayo mawili si mamoja. Kushinda ni kazi ya siku moja. Kumaliza vyema ni kuuweka ushindi mahali ambapo mwaka ujao utakutwa ungali hai.

Jambo hili laweza kuonekana wazi katika habari za mchezo wa kriketi, mchezo ambao hauna wapenzi wengi kama mpira wa miguu, lakini una mafunzo mengi. Kriketi huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande. Mrushaji hutupa mpira kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa, na mpigaji huvilinda vijiti hivyo kwa gongo lake, kisha hukimbia kwenda na kurudi ili kujipatia hesabu, nayo huitwa mikimbio. Njia iliyo baina ya vijiti vya upande huu na vya upande ule hupata kama mita ishirini. Ni mchezo wa subira. Mtu aliyekuwa shujaa kwa saa mbili huweza kutolewa kwa mpira mmoja tu, naye hutoka bila kugombana na mwamuzi.

Mjini Mombasa mchezo huu ni wa zamani. Chama cha Mombasa Sports Club kilianzishwa mwaka 1896, na katika siku za ukoloni kriketi ilichezwa zaidi na Wazungu na Wahindi, kila watu katika chama chao. Waafrika wengi waliujua mchezo huo kwa kuutazama kutoka nje ya ua, au kwa kuokota mipira iliyopotea majanini. Hata hivyo, jicho halina pazia. Vijana waliotazama walijifunza, na waliojifunza waliwafundisha ndugu zao. Mjini Nairobi zilitokea jamaa nzima za wachezaji, kama vile jamaa ya kina Tikolo, ya kina Odumbe na ya kina Obuya.

Matunda yake yalionekana baadaye. Tarehe 29 Februari, 1996, katika mji wa Pune nchini India, timu ya Kenya ilipata mikimbio 166 tu, na watazamaji wengi wakadhani kazi imekwisha. Basi ikawatoa wachezaji wote wa West Indies, waliokuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa dunia, kwa mikimbio 93. Miaka saba baadaye, tarehe 24 Februari, 2003, Kenya iliishinda Sri Lanka mjini Nairobi kwa mikimbio 53. Siku hiyo Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano, naye alitoa mikimbio 24 tu. Timu hiyo, chini ya nahodha Steve Tikolo, iliendelea mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa alama zao. Lakini Zimbabwe na Bangladesh pia zilishindwa uwanjani. India ndiyo iliyoikomesha safari hiyo mjini Durban, tarehe 20 Machi. Hapana nchi nyingine ya Afrika Mashariki iliyofika hapo, kabla ya siku ile wala baada yake.

Msimu huo ulikuwa na mwisho wa fahari. Je, ulikuwa na mwisho mwema?

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya sifa za mwaka 2003 zilifuata siku za magomvi. Wachezaji na viongozi walishindana juu ya malipo, wachezaji wakagoma, na mwaka 2005 chama kilichoongoza mchezo huo nchini kikaondolewa, kikaundwa kingine. Mechi zilipungua na wafadhili wakajitenga. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2011 Kenya ilicheza mara sita na kushindwa mara sita. Mwanzoni mwa mwaka 2014 ikapoteza haki ya kuhesabiwa katika mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Dalili iliyosema mengi ilikuwa hii: Tikolo, aliyecheza Vikombe vya Dunia vitano na kustaafu mwaka 2011, aliitwa tena mwaka 2013 hali ana umri wa miaka 42. Hilo si aibu yake, bali ni heshima yake. Aibu ni ya nyumba ambayo babu hurudishwa shambani kwa kuwa hakuna mjukuu aliyefundishwa kushika jembe.

Nchi jirani ya Uganda ilipita njia ya polepole. Huko kriketi ililelewa mashuleni, na timu ya vijana wasiotimiza miaka kumi na tisa ilikwenda kwenye Kombe la Dunia la rika lao mwaka 2004, mwaka 2006 na tena mwaka 2022. Tarehe 30 Novemba, 2023, mjini Windhoek, wakubwa wao waliishinda Rwanda na kupata nafasi katika Kombe la Dunia la mwaka uliofuata, huku Zimbabwe ikibaki nje. Mwezi wa Juni, 2024, nchini Guyana, Uganda iliishinda Papua New Guinea. Katika timu hiyo alikuwamo Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, ambaye alirusha mipira ishirini na minne akatoa mikimbio minne tu, na kuwatoa wapigaji wawili. Umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Tikolo alipoitwa tena. Lakini Nsubuga alizungukwa na vijana waliopitia mashuleni. Mzee katika timu si kasoro. Kasoro ni mzee kukosa wa kumrithi.

Huenda msikilizaji akasema kwamba hizo ni habari za mataifa, na chama cha mtaa hakina fedha wala ndege. Basi na aitazame habari ya kijiji. Katika Laikipia, mahali paitwapo Il Polei, mwanamke mmoja wa Afrika Kusini, Aliya Bauer, alifika kwa kazi ya utafiti wa wanyama. Alikuwa mpenzi wa kriketi, akaanza kuwafundisha watoto wa shule. Wamorani wa Kimaasai walikuja kutazama, wakaona kwamba kurusha mpira hakuko mbali na kurusha mkuki, nao wakaingia. Wakacheza wakiwa wamevaa shuka zao nyekundu na shanga zao. Mwaka 2012 walikwenda Cape Town, na mwaka 2013 walikwenda London, kushindana na vyama vingine vya wachezaji wa ridhaa. Na habari yao ikatengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2015.

Lakini fahari ya vijana hao si safari. Tangu mwanzo walikubaliana kwamba mahali watakapocheza, hapo watazungumza pia: juu ya ugonjwa wa UKIMWI, juu ya kuozwa kwa watoto wa kike, na juu ya ukeketaji. Waliporudi kutoka Ulaya walikaa na wazee wao kuyasema mambo hayo, jambo lililo gumu kwa kijana katika mila zao. Mchezo uliwapa masikio ya watu, nao wakayatumia kwa jambo lenye manufaa. Hicho ni chama cha kijiji kilichojua kwa nini kipo. Chama cha namna hiyo hakifi kwa kukosa kikombe.

Sasa yafaa mambo haya yaletwe nyumbani, upande wa bara wa Mombasa. Kila mzazi wa Kisauni na Likoni ajua kwamba miezi ya hatari si ile ya mechi. Wakati wa msimu kijana ana mazoezi jioni, ana nahodha wa kumwuliza alikuwa wapi, na usiku amechoka. Msimu ukiisha, jioni huwa ndefu, na barazani hakosi mtu wa kumwita. Dawa za kulevya zimeharibu vijana wengi wa Pwani, na makundi ya watoto wenye visu na mapanga yameleta hofu na misiba katika mitaa hiyo. Watu wa makundi hayo hawana msimu. Huandikisha mwaka mzima. Chama kinachofunga mlango siku ya kikombe huwaachia wao vijana wake mpaka msimu mwingine.

Basi chama kinachotaka kumaliza vyema kina kazi chache za kutenda kabla watu hawajatawanyika.

Ya kwanza ni vifaa. Hewa ya chumvi na joto la Pwani huharibu vitu upesi. Viatu, glavu na mipira ya ngozi vikifungiwa gunia vikiwa na jasho, hukutwa vimeota ukungu. Yapasa vianikwe, vifutwe, vihesabiwe, viandikwe katika daftari, na jina la mtu aliyekabidhiwa liandikwe pembeni.

Ya pili ni hesabu. Mtunza fedha na asome mbele ya wanachama wote yaliyoingia na yaliyotoka: michango, nauli, maji ya kunywa, dawa ya majeruhi, posho ya mwamuzi. Hata ikiwa zilizobaki ni shilingi mia mbili, zisemwe. Fedha isiyosemwa huzaa maneno, na maneno ndiyo yaliyovunja vyama vingi kuliko kushindwa. Habari ya timu ya taifa baada ya mwaka 2003 ni ushahidi wa kutosha.

Ya tatu ni kiwanja. Mji unakua, nyumba zaongezeka, na uwanja uliochezewa na baba waweza kukutwa na mawe ya msingi asubuhi moja. Mashauri ya ardhi katika Likoni na Kisauni ni ya miaka mingi, na kila mtu ayajua. Kiwanja kisicho na mwenyewe hupata mwenyewe. Miezi ya mapumziko ndiyo wakati wa viongozi kwenda kwa chifu na katika ofisi za kaunti, kuuliza uwanja umeandikwa kwa jina gani, na kuomba kwa utaratibu uwekwe kuwa wa umma.

Ya nne, na iliyo kubwa, ni watoto. Kila mchezaji wa timu ya kwanza na apewe watoto watano wa kuwafundisha mara moja kwa juma. Hapahitajiki fedha nyingi. Pwani ina uwanja ambao haujengwi nyumba: maji yakipwa, mchanga wa Shelly, wa Nyali au wa Bamburi huwa mgumu na sawa, na mtoto aweza kujifunza kurusha mpira, kuudaka na kukimbia mpaka bahari itakapotaka mahali pake. Mpira wa tenisi, ubao uliochongwa na vijiti vitatu vyatosha kwa kriketi. Na kwa mpira wa miguu vyatosha vichache zaidi ya hivyo. Wasichana nao wasiachwe kando kupiga makofi tu, bali wapewe zamu yao na mwalimu wao.

Ya tano ni adabu. Kabla ya kutawanyika, chama na kiwapelekee wapinzani wake salamu, na kimshukuru mwamuzi, hasa yule aliyetoa uamuzi uliouma. Mpinzani si adui. Bila yeye hapana mechi, wala kikombe.

Mambo hayo yote hayapigiwi ngoma. Hapana atakayebebwa mabegani kwa kuanika viatu au kwa kusoma daftari la fedha. Lakini ndiyo yanayotenganisha chama na kundi la watu waliokutana wakashinda. Kikombe, baada ya mwezi mmoja, huwa chombo cha vumbi juu ya kabati. Mtoto aliyeambiwa, "Jumamosi ijayo, maji yakipwa, njoo," huja. Akimkuta mwalimu wake amekwisha kufika, msimu umemalizika vyema, hata kama timu ilikuwa ya mwisho katika orodha.