Kijani, Rangi ya Kisiki Kinachochipua



Ndugu wasikilizaji wapendwa, katika Dominika hizi za Kipindi cha Kawaida padre huvaa kasula ya kijani. Neno hili limetoka katika jani: kilicho kijani ni kilicho mfano wa jani. Katika Kilatini huitwa viridis, neno lililotokana na kitenzi virere, yaani kuwa mbichi, kustawi. Hivyo rangi hii, kabla ya kutaja kitambaa, hutaja uhai. Kanisa limeifanya kuwa rangi ya matumaini.

Mzee mmoja wa hapa Nsemulwa, aliyewazika watoto wawili, aliniambia: "Baba Paroko, mimi ni kisiki." Nikamjibu upesi kwamba hata kisiki huchipua, kama asemavyo Ayubu katika sura ya 14. Mzee akanyamaza. Usiku niliisoma sura ile yote, nikaona aibu. Ayubu anakubali kwamba mti uliokatwa una tumaini la kuchipua upatapo maji. Lakini papo hapo analalamika kwamba mwanadamu akifa hainuki. Nilikuwa nimetwaa kilio cha mtu, nikakigeuza kitulizo.

Jibu la kilio hicho tunalipata mbele zaidi. Nabii Isaya, sura ya 11, anatangaza chipukizi litakalotoka katika shina la Yese. Twaamini kwamba chipukizi hilo ni Kristu, aliyekatwa kama mti mbichi, naye akafufuka.

Itazameni miombo yetu. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, huanza kutoa majani mapya. Mengi huanza na wekundu, kisha huwa ya kijani. Hutegemea mizizi iliyozama na akiba iliyotunzwa ndani, wala haingojei kuona wingu. Lakini kisiki kinachochomwa moto mwaka hata mwaka hudhoofika.

Makatekista wapenzi, msimchome mfiwa kwa maneno ya haraka. Mtekeeni maji, mpalilieni shamba, ketini naye. Huko ndiko kulinda mizizi, hata siku Mungu atakapochipusha.

Nami nilirudi kwa yule mzee, nikamwomba radhi. Tuliketi kimya kitambo kirefu. Nilipoinuka kuaga, alisema tu: "Baba, uje tena."

Bwana atujalie sote tumaini lisilonyauka. Amina.