Hotuba Juu ya Kuosha Donda Ndugu



Mimi ni karani, si mwuguzi. Lakini jambo hili latuhusu sisi tukaao vitini mchana kutwa, miguu ikining'inia, hata damu ikalala katika mishipa na ngozi ya kifundo ikachubuka isipone. Wengi hukificha kidonda ndani ya soksi kwa haya, mpaka harufu itangaze siri.

Watu hudhani kwamba dawa kali ndiyo iponyayo. Hutia mrututu, spiriti, majivu, hata unga wa vidonge. Dawa kali huua wadudu, nayo huua nyama changa vilevile. Na majivu yaweza kuleta pepopunda. Mwili ndio ujiponyao. Kazi yetu ni kuutengenezea mahali, kama mkulima asafishavyo shamba kabla ya kupanda.

Utaratibu ni huu. Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Pili, chemsha nusu lita ya maji pamoja na chumvi kijiko kimoja cha chai, yakipoa yawe vuguvugu, uyamimine taratibu juu ya kidonda bila kusugua. Bendeji iliyogandamana iloweshwe kwanza, kwani ukiibandua kavu wang'oa ngozi changa. Tatu, nyama nyeusi iliyokufa na utando wa manjano ni maskani ya wadudu. Lakini kuviondoa ni kazi ya mwuguzi aliyefundishwa, wala si ya wembe wa nyumbani. Nne, funika kwa shashi safi yenye unyevu kiasi.

Hapo wazee watashangaa, maana tumezoea kuanika kidonda kipate upepo. Lakini mwaka 1962, huko Uingereza, George Winter alilinganisha vidonda vipya vya nguruwe, akaona kwamba vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi upesi karibu mara mbili kuliko vilivyoachwa vikauke.

Tena, kuosha hakutoshi ikiwa chanzo chabaki. Mwenye kisukari na apimwe sukari. Mwenye mishipa iliyovimba na ainue mguu akaapo, wala asifunge bendeji ya kubana kabla mwuguzi hajapima mwendo wa damu mguuni. Na vidonda vya Buruli, ambavyo daktari Albert Cook aliviona Mengo, Uganda, mwaka 1897, vyatokana na kijidudu kihitajicho dawa zake maalumu. Maji peke yake hayakishindi.

Ndugu zangu, donda lililofichwa miaka mingi laweza kugeuka saratani, au kumpotezea mtu mguu, na pamoja na mguu, kazi yake. Chama chetu kimezoea kudai mishahara. Basi natoa hoja kwamba tudai pia ruhusa ya saa moja asubuhi kwa kila mwenye kidonda aende zahanati kusafishwa, bila kukatwa mshahara. Nasi wenyewe tuache kuona haya.