KUWATAFUTA WAZEE WALIOTANGULIA: HISTORIA FUPI ZA MAREHEMU NA MAKABURI YA BONDE LETU



Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, imo habari ya watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Jamaa tatu, jumla yao watu 652, hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Miongoni mwa makuhani, wana wa Barzilai na wenzao waliitafuta nasaba yao katika maandishi wasiione, wakaondolewa katika huduma. Hakuna aliyewashtaki kwa uongo. Walikosa andiko.

Usharika unapotimiza miaka 100, swali hilo linafaa kuulizwa Namawala pia. Mtu mzima akiulizwa baba wa babu yake alizikwa wapi, mara nyingi hunyosha mkono kuelekea mtoni, kisha hunyamaza. Hilo si kosa lake. Hiki ni kijiji cha watu waliotoka pengi: Wandamba wenyeji wa bonde, Wabena, Wapogoro, Wambunga, Wangindo, Wahehe, na katika miaka ya karibuni wafugaji kutoka mbali. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata, vilitawanya jamaa nyingi. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu upya. Walihama na vyungu, majembe na watoto. Makaburi yakabaki kwenye mahame.

Nchi nyingine mwenye kutafuta ukoo wake huanzia magazetini, kwenye tanzia, au kwenye daftari la serikali. Hapa sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kutumika mwaka 1921, lakini wanakijiji wengi walizaliwa na kufa bila kuandikwa popote. Tanzia ya bondeni ni ile karatasi isomwayo kaburini: historia fupi ya marehemu. Huandikwa usiku wa msiba, kwa mwanga wa kibatari, na kijana mwenye mwandiko mzuri akizungukwa na wajomba wanaobishana. Husomwa mara moja. Kisha hukunjwa, huingia mfukoni mwa shati, na shati hufuliwa.

Karatasi hiyo yastahili kusomwa kwa makini kuliko tunavyoisikiliza tukiwa tumesimama juani. Ubatizo, kipaimara na ndoa huwa na tarehe, kwa sababu kanisa lilitoa vyeti. Mwaka wa kuzaliwa aghalabu ni wa kukisia. Mwandishi akiambiwa marehemu alizaliwa “wakati wa nzige” au “Wajerumani wakingali wapo,” yeye huandika mwaka ulio kamili, 1910 au 1930, apate kumaliza. Idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu hutajwa kwa fahari. Ukoo wa mama hurukwa. Mke wa kwanza aliyefariki mapema hurukwa. Mtoto aliyekufa mchanga hahesabiwi, isipokuwa bibi mmoja aliyeketi pembeni anong’one. Mtafutaji mwerevu humfuata bibi huyo baada ya matanga.

Makaburi yenyewe yasema machache, na hayasemi kwa muda mrefu. Msalaba wa mti huliwa na mchwa, au huungua nyasi zinapochomwa wakati wa kiangazi. Msalaba wa saruji hudumu, lakini jina huandikwa kwa kijiti saruji ikiwa mbichi, na herufi zikikosa nafasi jina la ukoo hukatwa katikati. Wanawake wamepata hasara zaidi: aliyeitwa Mama Fulani maisha yake yote huandikwa hivyo hivyo, na jina alilopewa na baba yake halionekani juu ya jiwe wala katika daftari. Tena msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani, mbali na kijiji, na maji yakijaa njia hufungwa. Aliyefia huko huenda alizikwa huko huko, na alama yake ni mti.

Daftari la ubatizo ni hazina, ila lina mitego yake. Wamisionari wa Berlin waliingia kusini mwa nchi mwaka 1891, wakafika Ubena kabla ya karne ile kwisha. Mjerumani husikia “ch” akaandika “tsch,” husikia “y” akaandika “j.” Anayetafuta jina lianzalo na Ch na alitafute pia chini ya T. Zaidi ya hayo, mzee aliyebatizwa Petro aliacha jina la nyumbani mlangoni pa kanisa, na nduguye asiyebatizwa aliendelea nalo. Leo wajukuu wao huoana bila kujua kuwa ni ndugu. Hapo ndipo ilipo hatari ya kupoteza jina, wala si jambo la kujifurahisha kwa wastaafu.

Vitabu vipo. A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya Kiingereza, na mkewe G. M. Culwick walichapisha mwaka 1935 kitabu juu ya Wabena wa Mito, ambamo Mtema Towegale Kiwanga aliandika sura yake mwenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kuwasikiliza wazee waliokumbuka Majimaji. Kazi hizo ni za thamani, lakini nasaba za watemi zilipata wino mwingi. Mvuvi wa mtumbwi hakupata. Tangu mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuandikisha vizazi na vifo nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, kwa ajili ya afya. Yasemekana kwa utani kwamba mbu wa Namawala wameandikwa ulimwenguni kuliko babu zake, na utani huo hauko mbali na kweli.

Wako pia wale wasiokuwa na kaburi kabisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa hadi Mahenge ilipotwaliwa Oktoba 1917, na pande zote zilitumia wapagazi. Askari wa Kizungu aliyezikwa Morogoro ana jiwe lenye jina na tarehe. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waliobeba mizigo wakiwa wa bonde hili wamo humo.

Kwa hao umechelewa wakati. Kwa wengine haujachelewa. Inafaa nakala moja ya kila historia ya marehemu ibaki kwa katibu wa usharika siku ile ile ya maziko, ikiongezwa mistari minne: jina la nyumbani, ukoo wa mama, mahali familia ilipokaa kabla ya Operesheni Vijiji, na kaburi lilipo. Na kati ya Agosti na Oktoba, maji yakiwa yamepungua na njia za mahame zikipitika, vijana waende huko na daftari pamoja na mzee ajuaye miti. Asiyeweza tena kutembea apakiwe kwenye baiskeli.