Akina Wilson Wawili na Mlima Meru



Nimeombwa nizungumzie Marekani ya enzi ya viwanda: mageuzi yake, siasa zake, na jamii yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nitafanya hivyo, lakini nitaomba ruhusa ya kuuweka Mlima Meru katikati ya mazungumzo. Ukiifuata historia ya mageuzi yale ya Marekani mpaka mwisho wake unafika Engare Nanyuki, na ukiifuata kesi ya ardhi ya Wameru mpaka mwanzo wake unafika Washington ya mwaka 1913. Njiani utakutana na watu wawili wenye jina moja la Wilson. Hawakuwa ndugu wala hawakufahamiana. Wa kwanza alikuwa Rais wa Marekani, wa pili jaji wa kikoloni aliyetumwa Arusha na Moshi kugawa upya mashamba.

Tuanze na Marekani, kwa haraka, maana vitabu vyake vimejaa. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi ile ilikuwa imetajirika upesi kuliko ilivyoweza kujitawala. Mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha riwaya kuhusu machinjio ya Chicago. Wasomaji walichefuka, na mwaka uleule Bunge likapitisha sheria za ukaguzi wa nyama na usafi wa vyakula na dawa. Sinclair mwenyewe alisikitika: alitaka watu wawahurumie wafanyakazi, wao wakaihurumia nyama yao. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kiliwaka moto na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji, huku mlango mmoja wa kutokea ukiwa umefungwa kwa kufuli. Hapo ndipo zilipotoka kamati za uchunguzi, wakaguzi wa viwanda na sheria za majengo. Sisi tunaokagua mabweni baada ya moto, si kabla, tunaielewa vizuri hadithi hiyo.

Wanamageuzi wale walikuwa wa aina nyingi. Jane Addams alianzisha Hull House mwaka 1889 akaishi palepale miongoni mwa maskini wa Chicago. Gifford Pinchot aliweka misitu ya taifa chini ya wataalamu. Frederick Winslow Taylor alimsimamia mfanyakazi akiwa na saa mkononi, akihesabu sekunde za kila anachofanya. Karibu wote waliamini jambo moja: dunia imeharibika kwa sababu inaongozwa na wala rushwa na wajinga, na itatengenea ikikabidhiwa kwa wataalamu. Unda tume, kusanya takwimu, andika ripoti, kisha utekeleze. Kuhusu kumuuliza mtu mwenyewe anayepangiwa, Addams alijitahidi. Wengi wao hawakuona haja.

Woodrow Wilson aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 1913 akiwa kilele cha imani hiyo. Alikuwa profesa, rais wa zamani wa Chuo Kikuu cha Princeton. Chini yake ilipita sheria ya benki kuu mwaka 1913, ikafuata ya kuyabana makampuni yaliyohodhi biashara, na mwaka 1916 sheria ya kuzuia ajira ya watoto, ingawa Mahakama Kuu iliifuta miaka miwili baadaye. Lakini mwaka uleule wa 1913 mawaziri wake walianza kuwatenga wafanyakazi weusi katika ofisi za serikali: meza mbali, sehemu za kulia mbali, vyoo mbali. Novemba 1914 mhariri mweusi kutoka Boston, William Monroe Trotter, aliongoza ujumbe kwenda kulalamika. Wilson akawaeleza kwamba utengano ule ni kwa faida yao wenyewe, unaondoa msuguano. Trotter hakukubali. Rais akakasirishwa na namna alivyojibiwa, akawaambia wakirudi siku nyingine waje na msemaji mwingine.

Tukio hilo ndani ya ofisi moja linanisumbua kuliko sheria zake zote. Malalamiko yenyewe hayakukanushwa pale. Kosa lililokemewa lilikuwa mdomo wa aliyeyaleta.

Aprili 1917 Marekani iliingia vitani ili, kwa maelezo ya Wilson, demokrasia iwe salama duniani. Nyumbani ikapitishwa sheria ya ujasusi, ikapanuliwa hadi ikawafikia wasemaji wa majukwaani. Eugene Debs, kiongozi wa chama cha kijamaa, alihutubia huko Canton, Ohio, Juni 1918 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa gerezani Atlanta na akapata kura zaidi ya 900,000. Wakati huohuo viwanda vya vita viliwavuta watu weusi kutoka kusini kwenda miji ya kaskazini, na Julai 1917 wakashambuliwa na kuuawa East St. Louis. Tarehe 28 mwezi huo maelfu ya watu weusi waliandamana kimya katika barabara ya Fifth Avenue, New York, ngoma peke yake zikisikika. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois aliwashauri watu wake waweke manung'uniko kando mpaka vita iishe. Vita ikaisha, mwaka 1919 damu ikamwagika tena katika miji kadhaa, na wanajeshi weusi waliorudi kutoka Ulaya hawakusalimika.

Na huku kwetu? Novemba 1914, karibu wiki moja kabla Trotter hajapanda ngazi za Ikulu ile, Waingereza na Wajerumani walipigana Longido. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya van Deventer yaliingia Arusha. Baruti haikuua watu wengi kama njaa, kuhara na mizigo. Wapagazi walioandikishwa na Waingereza katika kampeni nzima walikaribia au kuzidi milioni moja, na waliokufa kwa hesabu za serikali yenyewe ni zaidi ya 90,000. Hawa hawakupewa hotuba yoyote kuhusu demokrasia.

Januari 1918 Wilson alitangaza hoja zake 14. Ya tano ilihusu makoloni: maslahi ya wenyeji yapewe uzito sawa na madai ya serikali inayotaka kuwatawala. Nani angeyapima hayo maslahi? Wataalamu, bila shaka. Marekani ilikuwa imekwishaunda kundi la wasomi kuandaa mkutano wa amani, na dawati la makoloni lilikuwa la mwanahistoria George Louis Beer. Kutokana na mawazo kama yake, na ya Jan Smuts wa Afrika Kusini, ukazaliwa utaratibu wa udhamini ulioandikwa katika ibara ya 22 ya mkataba wa Shirikisho la Mataifa: makoloni yaliyonyang'anywa Wajerumani yatatawaliwa kama amana, na mtawala atatoa taarifa kila mwaka. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa utaratibu huo mwaka 1922. Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limeukataa mkataba wenyewe, kwa hiyo nchi iliyobuni mlango ule haikuingia.

Niongeze jambo moja kuhusu mkutano huo wa amani, uliofanyika Paris. Aprili 1919 Japani ilipendekeza usawa wa mataifa utajwe katika mkataba. Kura 11 kati ya 17 zilikubali. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Wilson, akatamka kwamba jambo zito kama hilo linahitaji wote wakubaliane, pendekezo likafa. Tutarudi kwenye hesabu za namna hii.

Udhamini ulikuwa na kitu ambacho makoloni ya kawaida hayakuwa nacho: haki ya kupeleka malalamiko Geneva. Ila barua ya mwenyeji ilipaswa kupitia serikali ileile anayoilalamikia, nayo iambatanishe maelezo yake, na mlalamikaji mwenyewe hakuitwa kusikilizwa. Wamarekani wenyewe walituletea mageuzi mengine kwa njia ya elimu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki ikihubiri elimu ya kilimo na ufundi iliyotengenezwa kwa ajili ya weusi wa kusini mwa Marekani. James Aggrey wa Gold Coast alikuwa Mwafrika pekee katika tume hiyo. Hilo lina mhadhara wake.

Sasa mlima. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa Meru. Adhabu ya Wajerumani ilikuwa kali, na baada ya adhabu yakaja mashamba. Walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini, walipewa ardhi mpaka mashamba yakauzunguka mlima kama mkanda: juu msitu wa serikali, chini mzungu, Mmeru katikati. Waingereza walipochukua nchi wangeweza kuufungua mkanda huo. Badala yake waliyauza mashamba mengi ya Wajerumani kwa walowezi wengine. Wameru waliendelea kuchunga na kulima upande wa Engare Nanyuki, na mashamba namba 31 na 328 yaliwarudia kwa fedha zao wenyewe. Watu walinunua ardhi ya babu zao, wakashukuru.

Hapo anaingia Wilson wa pili. Jaji Mark Wilson aliongoza peke yake tume ya ardhi ya Arusha na Moshi, na ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Tumtendee haki. Alitumwa kutafuta dawa ya msongamano wa Wachaga, Wameru na Waarusha, na alipendekeza sehemu ya mashamba ya walowezi irudishwe kwa wenyeji. Lakini aliona pia kwamba ramani imechanganyika mno, mweusi huku, mzungu kule. Akataka inyooshwe: Engare Nanyuki iondolewe Wameru, iwe eneo moja la Wazungu la kufugia ng'ombe wa kisasa, nao Wameru wapewe ardhi kwingine, ikiwemo Kingori, tambarare ya chini yenye joto na magonjwa ya mifugo. Kwenye karatasi ekari zililingana, tena Mmeru alionekana kupata zaidi. Ondoa msuguano, tenganisha, kila mtu apate nafasi yake: Trotter angeitambua hoja hiyo akiwa amefumba macho.

Novemba 1951 askari walifika Engare Nanyuki kuutekeleza mpango huo. Watu hawakupigana. Walikaa, wakakataa kutoka na wakakataa fidia. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori. Waliohamishwa walikuwa kama 3,000. Gavana Edward Twining aliamini, na kwa macho ya mpango alikuwa sahihi, kwamba anatekeleza maendeleo.

Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umerithi udhamini ule wa Geneva na kuubadilisha pahala pamoja muhimu. Chini ya ibara ya 87 ya Mkataba wake, malalamiko yaliweza kupokelewa moja kwa moja, na mlalamikaji aliweza kusikilizwa akiwa amesimama pale. Idara ya udhamini iliongozwa na Ralph Bunche, Mmarekani mweusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Wameru walichangishana kupitia umoja wao wa raia. Mwaka 1952 Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, na Kirilo Japhet, mmoja wa viongozi wa umoja huo, walifika New York.

Sipendi tunavyowasimulia vijana habari ya Kirilo, kana kwamba alikwenda kuomba huruma. Alikwenda kutumia kanuni. Aliikuta sheria iliyoandikwa na watu ambao hawakumfikiria yeye, akaishika pale iliposema asikilizwe. Waingereza walileta ramani, ekari na gharama. Yeye alileta habari za nyumba zilizochomwa, tena mbele ya wajumbe wa India, Amerika ya Kusini na nchi za Kiarabu, ambao kesho yake wangezirudia katika nchi nyingine. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu ilikubali kwamba ardhi irudishwe. Desemba azimio likaenda kwenye Baraza Kuu lenyewe. Wengi waliliunga mkono, lakini theluthi mbili haikufika. Wingi wa Paris uliangushwa na sharti la wote. Wa New York uliangushwa na theluthi mbili.

Basi alishindwa? Wapo wanahistoria wanaoandika hivyo na kufunga jalada. Mimi naangalia kilichofuata. Kirilo alirudi na kuzunguka nchi akieleza kilichotokea, na watu wa mikoa ambao hawakuwahi kuuona Mlima Meru wakajua kwamba Gavana anaweza kuulizwa maswali hadharani na watu wasiomwogopa. TANU ilianzishwa Julai 1954. Machi 1955 Julius Nyerere alikuwa New York, katika Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akitumia mlango uleule, na njia ya kuchanga nauli wananchi walikuwa wameshaijua. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton waliitoa kesi yao katika kitabu kilichochapishwa Nairobi, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Baada ya hapo sisi wenyewe tulipata wataalamu wetu wa kuhamisha watu kwa faida yao, wakiwa na ramani na ripoti, na waliohamishwa katika miaka ya 1970 hawakuwa na New York ya kukimbilia, kwani mlalamikiwa sasa alikuwa serikali yao huru.

Ninaposoma ripoti za tume, mikakati na mipango ya upimaji inayoletwa mezani kwetu vyuoni, naanzia kurasa za mwisho. Natafuta panapoeleza aliyepangiwa atalalamika wapi, kwa nani, na kama barua yake italazimika kupitia mkononi mwa anayemlalamikia. Uzuri wa takwimu nauacha baadaye.

Na mji wetu unalo jambo la kujibu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa Arusha. Tanzania ilikuwa imetoa tamko linaloruhusu mwananchi na asasi za kiraia kufungua shauri moja kwa moja, na mashauri mengi ya mahakama hiyo yalitoka kwetu. Novemba 2019 serikali ililiondoa tamko hilo, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mkazi wa Engare Nanyuki mwenye dai jipya dhidi ya serikali yake hawezi tena kupanda daladala akalifikisha mahakamani hapo kwa mkono wake. Sharti alipeleke kwanza kwenye Kamisheni, Banjul, nchini Gambia, na Kamisheni ndiyo iamue kama italirudisha Arusha.