Kuchelewa, Mwisho na Marehemu: Neno la Kiingereza "late" kwa Wasemaji wa Kiswahili wa Fizi na Baraka



Kiingereza kimeingia Fizi, huku kwetu Kivu Kusini nchini Kongo, kwa milango miwili. Mmoja ni sekondari, ambako ni somo na mara nyingi huelezwa kwa Kifaransa. Wa pili ni ukimbizi. Watu wetu walivuka Ziwa Tanganyika wakafika Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 mkoani Kigoma. Wengine walikwenda Nakivale nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya au Dzaleka nchini Malawi, na baadhi wakaendelea hadi Marekani. Kuanzia Oktoba 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Naona neno "late" linatusumbua kwa sababu kila mlango umetupa sehemu tu ya maana yake.

Darasani mwanafunzi huandika daftarini: "late", kuchelewa. Hapo somo limekwisha. Lakini tazama historia ya Fizi yenyewe. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alifika Kibamba, kando ya ziwa, akamngoja kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila hadi Julai. Kwa siku zile, Mwingereza atasema "Kabila was late", yaani Kabila alichelewa. Kabila aliuawa tarehe 16 Januari 2001, na sasa huandikwa "the late Kabila", marehemu Kabila. Neno ni lilelile, ila limehama. Likifuata kitenzi, mtu hajafika kwa wakati. Likitangulia jina la mtu, mtu huyo amefariki.

Laiti kanuni hiyo ingetosha! Ndugu zetu waliojifunza Kiingereza Uganda, Kenya au kusini mwa Afrika husema pia "my father is late" wakimaanisha baba amefariki. Tusiwacheke wala tusiwasahihishe kwa ukali, maana ndivyo Kiingereza cha huko kinavyosemwa. Alexander McCall Smith, katika riwaya zake za Botswana zilizoanza kutoka mwaka 1998, amewapa wahusika wake usemi huohuo. Kampala, anayeusikia atakupa pole. Marekani, afisa wa uhamiaji anaweza kudhani baba yuko njiani, akauliza atafika saa ngapi. Fikirini mtoto yatima anayeulizwa hivyo katikati ya mahojiano kuhusu familia yake. Fikirini pia faili linalomhesabu baba miongoni mwa walio hai, na miezi itakayopotea kulirekebisha. Kwa sababu hiyo, anayejiandaa kwa mahojiano afundishwe kusema "my father died". Sentensi hiyo ni fupi, na kila anayejua Kiingereza ataielewa, popote alipo.

Maana ya tatu ni mwisho wa kipindi. "Late 1996" ni mwishoni mwa mwaka 1996, wakati Vita vya Kwanza vya Kongo vilipotufikia. "Late at night" ni usiku umekwenda sana. Hospitalini, "late pregnancy" ni miezi ya mwisho ya ujauzito, na hapo hakuna kilichochelewa. Mkalimani akimwambia mama kwamba mimba yake imepitiliza, amemtia hofu bure na kumharibia daktari kazi. "Lately" ni siku hizi, na "later" ni baadaye tu. Aliyesoma Kifaransa ana msaada kidogo hapa, kwa kuwa Kifaransa hutenganisha "tard" na "en retard". Mwalimu aanzie hapo.

Hata maana ya kuchelewa ina jambo lake kwetu. Saa ya Baraka iko nyuma ya saa ya Kigoma kwa saa moja. Mfanyabiashara wa Baraka aliyeahidi kupiga simu Kigoma saa mbili bila kutaja ni saa mbili ya upande gani wa ziwa ataambiwa "you are late", naye kwa saa yake hajachelewa.

Nawaombeni, walimu wenzangu: msimpe mwanafunzi neno hili likiwa peke yake. Mpeni sentensi nzima, na mumweleze ni nani anaisema na anaisemea wapi. Nanyi wakalimani, mkilisikia na msiwe na hakika, ulizeni kwanza kama mtu anayetajwa yu hai, ndipo mfasiri.