Ulinzi Uwanjani ni Kazi ya Msimu Mzima



Mpira wa kikapu ulibuniwa Marekani mwaka 1891. Mwaka uliofuata Senda Berenson aliwafundisha wanawake wa Chuo cha Smith, kwa sheria zilizowakataza kumpokonya mpinzani mpira. Leo mwanamke hukaba kama mwanamume.

Mwanzoni mwa msimu kila mchezaji humfuata mtu wake tu. Akipitwa, kikapu ki wazi. Mazoezi ya kila jioni ndiyo huwafundisha kuinama, kusogeza miguu bila kuipishanisha, kuitana na kuzibiana pengo. Basi timu ya wasichana inayongoja wavulana waondoke uwanjani isilaumiwe kwa kufungwa.

Mwanachuo wa Butimba leo ni mwalimu wa Ukerewe au Sengerema kesho. Asichojifunza hatakifundisha. Uwanja ugawanywe sawa.