Chakula cha Njiani, Kutoka Mbagala Hadi Kilwa

(Maneno ya mmoja wa wanafunzi wa zamani, katika karamu ya kukutana tena, Temeke)



Nimepewa dakika chache kabla ya pilau, basi nitasema juu ya chakula.

Nilianza kidato cha kwanza mwaka 1979, nikitokea Kilwa kwa basi. Daraja la Mkapa lilikuwa bado. Lilifunguliwa mwaka 2003. Rufiji tuliivuka kwa pantoni pale Ndundu, na kungoja kwenyewe kulikuwa safari ya pili. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha na pweza mkavu. Mimi, kwa aibu ya ujana, nilimficha pweza chini ya madaftari, nikanunua mkate, ili vijana wa mjini wasinicheke. Bwenini harufu ilitoboa siri. Wale niliowaogopa ndio waliommaliza, kisha wakauliza nitakwenda lini tena nyumbani!

Leo daraja limeondoa kungoja, nasi twashukuru. Lakini basi lapita mbio, na msafiri hushuka kula chipsi zile zile alizoziacha Mbagala. Amepita Mkuranga, nchi ya korosho, bila kuonja hata moja. Amepita Somanga, wanakokaanga samaki wa pwani ile ile. Amefika Kilwa asijue kwamba pweza hupigwa alainike, hukaushwa juani, kisha hupikwa kwa tui la nazi.

Wajapani wametushinda hapo. Kwao stesheni nyingi za reli huuza chakula cha mahali hapo, kimefungwa tayari kwa msafiri. Daraja kubwa la Akashi lilipofunguliwa mwaka 1998, walilisherehekea kwa kuuza wali wa pweza katika chungu kidogo. Daraja lao lilizaa chakula. Letu lisizike chakula.

Vijana, bamvua linapokauka, akina mama hutembea miambani na vijiti vyao wakichokoa pweza mashimoni. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nauli yangu na madaftari yale yalitoka huko. Nilichokificha ndicho kilichonisomesha.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Likizo hii, basi likisimama, nunueni cha wenyeji. Na mkifungiwa cha nyumbani, kifungueni mbele ya watu.

Pilau isipoe.